Programu ya kutafuta laini ya mwezi haikupi unachotaka: dalili, chanzo na tiba

Kila mwezi, siku chache kabla dirisha la maombi halijafungwa, rubani au mhudumu wa ndege wa shirika kubwa la Marekani hupokea faili lenye mamia ya ratiba na kutakiwa achague. Kuzipitia zote kwa macho ni kazi ya siku nzima, ndiyo maana watu wanatumia programu za kutafuta. Programu nyingi ni nzuri. Lakini zinajibu swali uliloliandika, si lile uliloliwaza, na hapo ndipo mtu anajikuta hotelini Omaha usiku wa Krismasi ilhali alikuwa na hakika ameiomba siku hiyo iwe huru.

Tukubaliane maneno kwanza. Mzunguko ni kazi inayoanza unaporipoti kituoni kwako na kuisha unaporudi na kuachiliwa, iwe ya siku moja au siku tano. Laini ni mizunguko ya mtu mmoja ikipangwa mwezi mzima. Katika mfumo wa laini, shirika hutengeneza laini zote, wewe unaziorodhesha kuanzia unayoipenda zaidi, na mgao unafuata namba ya ukongwe kazini. Katika mfumo wa mapendeleo hakuna laini iliyotengenezwa mapema: unaandika unachotaka na kompyuta inakujengea ratiba, ikianza na mkongwe kuliko wote na kushuka chini. Marubani wa Delta na United wako kwenye mfumo huo wa pili. Kiporo ni mzunguko ulioanza mwezi huu na kuishia mwezi ujao.

Saa zote humu zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24, isipokuwa pale tuliposema vingine.

Kabla ya kugusa chochote, pima laini moja kwa mkono

Chagua laini moja ndani ya programu, kisha ifungue hiyo hiyo kwenye faili halisi la shirika. Linganisha vitu vinne: idadi ya siku za mapumziko, jumla ya saa za kuruka, saa ya kuripoti ya mzunguko wa kwanza, na saa ya kuachiliwa ya mzunguko wa mwisho. Vikilingana vyote, programu imelisoma faili sawasawa na kasoro iko kwenye maombi yako. Kimoja kikikataa, acha kuchuja kabisa. Unachujia takwimu mbovu, na kila utakachopata kitakuwa kibovu.

Kipimo hiki huchukua dakika tano. Usichague laini nyepesi ya safari za mchana, kwa sababu hiyo hufaulu hata kama programu ina kasoro. Chukua yenye mzunguko unaovuka saa sita usiku, wenye kipande (yaani safari moja ya ndege) cha kusafiri kama abiria kikazi, na ikiwezekana wenye uwanja ulio nje ya majira ya saa ya kituo chako. Huko ndiko makosa yanakojificha.

Dalili: programu inasema hakuna laini hata moja

Vichujio karibu vyote huunganishwa kwa "na", si "au". Tuseme kituo chako kina laini 180. Ukiomba wikendi zote ziwe huru, zinabaki 22. Ukiongeza "nisiripoti kabla ya 08:00", zinabaki 6. Ukiongeza kulala San Diego angalau mara mbili, inabaki sifuri. Kila ombi peke yake ni la busara. Tatizo ni kukutana kwao.

Tiba yake:

1. Zima vichujio vyote na uandike jumla ya laini. Ilingane na jumla iliyo kwenye faili la shirika.
2. Washa kimoja tu, andika idadi iliyobaki, kizime.
3. Fanya hivyo kwa kila kichujio.
4. Viwashe tena kimoja juu ya kingine, ukianza na kile usichoweza kukisamehe. Pale idadi inapoporomoka ghafla, umemkamata mhusika.

Wakati mwingine maombi mawili hayawezi kukaa nyumba moja hata kwa hesabu tu. Mtu anayeishi mji mwingine na kwenda kituoni kwa ndege huomba aripoti baada ya 11:00 na aachiliwe kabla ya 17:00 ili awahi ndege ya kumpeleka na ya kumrudisha. Kwa mzunguko wa siku nne ombi hilo lina maana: ripoti ni ya siku ya kwanza, kuachiliwa ni kwa siku ya nne. Lakini kama ameacha mizunguko ya siku moja ndani ya utafutaji, ameomba kazi ya saa sita, na mizunguko ya namna hiyo ni adimu. Aweke kwanza "mizunguko ya siku tatu na kuendelea", ndipo masharti ya saa yafuate.

Dalili: matokeo ni mazuri, lakini mgao ukitoka unapewa laini ambayo hukuiomba

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote katika mfumo wa laini, na programu haina hatia hata kidogo.

Tuseme wewe ni namba 87 kati ya watu 180. Umechuja hadi zikabaki laini 30 nzuri, ukazipanga, ukazituma, ukalala. Watu 86 walio mbele yako wamechagua kabla yako, na laini zako 30, kwa kuwa ni nzuri kwao pia, zimeisha zote. Orodha yako imekauka. Sasa mfumo unakupa chochote kilichobaki, au unafuata ombi la kudumu uliloliacha miezi minane iliyopita.

Kanuni ni moja: orodhesha laini zisizopungua namba yako. Namba 87 huorodhesha 87 au zaidi. Hapo hata kama wote walio juu yako wamechukua laini 86 za juu za orodha yako, ya 87 ni yako. Ukiwa na laini 86 tu, huna uhakika wa chochote.

Ndiyo maana tunasisitiza: chuja kidogo, panga zaidi. Kichujio huitupa laini. Kupanga huisogeza tu chini. Tumia kichujio kwa yale ambayo huwezi kabisa kuyafanya, kama vile mafunzo yaliyokwisha kupangwa au nafasi usiyo na sifa nayo. Yale mengine yote, hata yale usiyoyapenda, yape alama mbaya yashuke chini, lakini yabaki orodhani. Laini mbaya iliyo namba 85 kwenye orodha yako ni bora kuliko laini mbaya zaidi uliyopewa kwa sababu ulinyamaza.

Namba yako nayo ihakiki. Namba ya ukongwe ya shirika zima si namba ya kituo chako, ndege yako na cheo chako. Halafu kuna walio likizo ndefu au mafunzoni ambao hawaombi mwezi huo. Wakiwepo watano juu yako, wewe ni 82 kwa vitendo. Hata hivyo orodhesha 87; anaweza kurudi mmoja dakika ya mwisho.

Dalili: laini usiyoipenda inapanda juu ya unayoipenda

Hapa chanzo ni uzito wa alama. Programu nyingi hukuruhusu kutoa alama kwa kila kitu: pointi kadhaa kwa kila wikendi huru, kupunguza pointi kwa kila saa uliyo nje ya kituo. Vipimo havilingani, na watu hawaoni hilo hadi waandike hesabu.

Tazama laini mbili. Laini A: uko nje ya kituo saa 290, wikendi huru 4. Laini B: saa 240, wikendi huru 1. Umetoa pointi 10 kwa kila wikendi, na kupunguza 1 kwa kila saa ya kuwa nje.

A: 40 − 290 = −250.
B: 10 − 240 = −230.

B imeshinda, ingawa ulichotaka ni wikendi. Wikendi zako tatu za ziada zimekuletea pointi 30, lakini saa 50 za ziada zimekula 50. Ili wikendi tatu zishinde saa 50, kila wikendi inahitaji zaidi ya pointi 16.7. Weka 20 uone: A inakuwa −210, B inakuwa −220. A imepanda.

Basi usibuni alama hewani. Chukua laini mbili ambazo wewe mwenyewe unajua ipi ni bora, zikokotoe kama hivyo, na urekebishe alama hadi programu ikubaliane nawe. Rudia kwa jozi tatu au nne zenye tofauti za aina mbalimbali. Baada ya hapo orodha ya laini 180 itakuwa na sura yako kweli.

Kitu kingine: alama ya "kila mara" na ya "mara moja tu". Ukitoa pointi 15 kwa kulala Honolulu, je, ni kwa kila usiku au ni kwa laini nzima ikiwa na Honolulu hata mara moja? Laini yenye Honolulu mara nne na kuripoti 04:30 mara nne inaweza kupanda kileleni kwa sababu hiyo tu.

Dalili: jumla ya saa hazilingani na faili

Faili nyingi za ratiba huandika 3.45 zikimaanisha saa 3 na dakika 45. Jedwali la kompyuta linasoma 3.45 kama saa tatu na sehemu 45 za mia, yaani saa 3 na dakika 27. Kwenye kipande kimoja hutaona. Jumlisha vipande vitatu vya siku moja:

2.50 + 3.45 + 1.35.

Kwa saa na dakika: 2:50 na 3:45 ni 6:35, ongeza 1:35, unapata 8:10. Kwa hesabu ya desimali unapata 7.30, ambayo jicho lililochoka linaisoma kama saa saba na nusu. Dakika 40 zimepotea kwa siku moja ya kazi. Laini yenye siku 14 za namna hiyo inaonekana nyepesi kwa saa tisa na ushee, na programu itaichuja kwa kosa au kuisogeza isikostahili.

Ishara ya kumtambua mwizi huyu ni rahisi: pitia safu ya saa kwenye faili halisi. Kama baada ya nukta hukuti kamwe tarakimu kubwa kuliko 59, hizo ni dakika. Badilisha mpangilio wa programu usome "saa na dakika", au badilisha nukta kuwa nukta mbili kabla ya kuingiza.

Usichanganye pia saa za kuruka na saa za malipo. Saa za kuruka huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa. Saa za malipo zinaweza kuwa kubwa zaidi kwa sababu ya kima cha chini cha siku au cha mzunguko kilichomo kwenye mkataba. Kipande cha kusafiri kama abiria kikazi hakina saa ya kuruka hata moja, lakini kinahesabika kwenye muda wa kazi na mara nyingi kinalipwa. Ukichuja kwa saa chache za kuruka ukidhani unatafuta mwezi mwepesi, utaletewa laini zilizojaa vipande hivyo, na mwezi hautakuwa mwepesi.

Dalili: saa zimesogea kwa saa moja, tatu, au sita

Kuna saa tatu tofauti zinazoweza kuwa kwenye faili moja: saa ya dunia inayoandikwa kwa Z, saa ya kituo chako, na saa ya uwanja husika. Faili moja laweza kuwa na ripoti kwa saa ya kituo na kutua kwa saa ya uwanja. Soma ukurasa wa mwanzo wa faili, ndipo uchague mpangilio wa programu.

Kosa la saa moja hutokea zaidi Machi na Novemba. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, lakini Hawaii na sehemu kubwa ya Arizona, Phoenix ikiwemo, hazishiriki. Phoenix na Los Angeles zina saa ile ile wakati wa kiangazi. Majira ya baridi Los Angeles iko nyuma kwa saa nzima. Programu inayodhani Phoenix nayo husogeza saa itakosea mizunguko ya Phoenix na kupatia mingine, na hapo ndipo watu wanapolaumu faili.

Kwa sisi tunaowaza kwa Kiswahili upo mtego wa ziada. Ukijiambia "sitaki kuripoti kabla ya saa kumi na moja alfajiri" halafu vidole vikaandika 11:00, umefuta mizunguko yote ya kuanzia 05:00 hadi 10:59, yaani sehemu kubwa ya kazi ya asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Saa kumi na moja jioni ni 17:00. Mtu mwenye matokeo machache mno bila sababu na aangalie hapa mapema.

Tarehe nazo zina lao. Faili la Marekani likiandika 07/04 ni tarehe 4 Julai. Simu iliyowekwa mpangilio wa Kenya au Tanzania inasoma 7 Aprili. Tarehe zilizozidi 12, kama 07/19, hukataliwa au kubaki tupu, kwa hiyo dalili yake ni ya pekee: siku 12 za mwanzo za mwezi zimetawanyika kwenye miezi tofauti, na zilizobaki hazipo. Weka mpangilio wa Marekani kwa programu hiyo peke yake.

Dalili: siku uliyoomba iwe huru ina kazi

Programu huhesabu siku huru kwa kalenda, kuanzia 00:00 hadi 23:59 kwa saa ya kituo. Ndege inaegeshwa 23:40 tarehe 11. Kama mkataba wako unaweka kuachiliwa dakika 30 baada ya kuegesha, umeachiliwa 00:10 tarehe 12. Dakika kumi zimekula siku. Baadhi ya programu huangalia saa ya kutua badala ya kuachiliwa, zinakuonyesha tarehe 12 ikiwa huru, na mfumo wa mgao unasema haiko huru. Ongeza mwenyewe sharti la "mzunguko uishe kabla ya 23:00" siku inayotangulia siku yako muhimu.

Chanzo kingine ni mwezi wenyewe. Baadhi ya mashirika ya Marekani yana mwezi wa ratiba usiofanana na kalenda: Februari yao huanza 31 Januari na kuishia 1 Machi ili miezi ilingane kwa urefu. Ukiomba 1 Machi kwenye utafutaji wa Machi, hutaipata. Ilikuwa ya Februari, na dirisha lake limeshafungwa.

Dalili: laini ipo kwenye faili, haipo kwenye programu

Mara nyingi shirika limetoa toleo la pili la faili baada ya kurekebisha ratiba, na wewe umeingiza la kwanza. Linganisha tarehe ya toleo. Kama ni toleo lile lile, laini imekatika mahali ukurasa unapogeuka: mzunguko umeanza chini ya ukurasa 41 na kuendelea juu ya ukurasa 42, msomaji wa programu akaona vipande viwili visivyo na maana na kuviacha. Laini zenye saa sifuri au zisizo na mzunguko hata mmoja ndizo za kutafuta. Pakua faili la maandishi matupu kama shirika linatoa. Ni salama kuliko PDF.

Kama ni mizunguko ya mji fulani tu inayokosekana, angalia msimbo wa uwanja. SJC ni San Jose ya California, SJO ni San José ya Costa Rica, SJU ni San Juan ya Puerto Rico. Herufi moja inakubadilishia nchi. Eneo la New York lina viwanja vya JFK, LGA na EWR, na mzunguko unaweza kuondokea mmoja na kurudi mwingine. Tofautisha pia "kutua" na "kulala": dakika 50 za kubadilisha abiria Miami si usiku wa Miami.

Dalili: laini ni nzuri, lakini mzunguko wa kwanza umeondolewa

Ni kiporo. Programu nyingi za kutafuta hazijui mwezi uliopita ulikuacha wapi. Mzunguko wako wa Aprili unaisha 2 Mei saa 21:30. Laini uliyoitamani inaanza 3 Mei saa 06:15. Katikati kuna saa 8 na dakika 45, na sheria ya Marekani inataka rubani wa ndege za abiria apate saa 10 za mapumziko kabla ya kuanza kazi ya kuruka. Mzunguko unaondolewa. Kama unalipwa au hulipwi ni suala la mkataba, na jibu lake linaweza kuwa tofauti ya saa 20 za malipo, kwa hiyo soma kifungu hicho kabla hujaomba.

Sharti lingine linalokamata watu mwanzoni mwa mwezi ni saa 30 mfululizo bila kazi yoyote ndani ya saa 168 zilizopita. Liko kwenye Sehemu ya 117 ya kanuni za usafiri wa anga, iliyoanza kutumika Januari 2014, pamoja na kikomo cha saa 100 za kuruka ndani ya saa 672. Kwa wahudumu wa ndani, kanuni ya saa 10 za mapumziko ilitangazwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, Oktoba 2022. Ingiza mzunguko wako wa mwisho wa mwezi kwa mkono kama programu ina nafasi ya kiporo. Kama haina, andika kwenye karatasi saa ya mapema kabisa unayoweza kuripoti, na uifanye kichujio cha mzunguko wa kwanza.

Kwenye mfumo wa mapendeleo: umeomba vizuri, umepata kidogo

Hapa laini ya kutafuta haipo, lakini programu hukuonyesha idadi ya mizunguko inayolingana na ombi lako. Idadi hiyo ndiyo inayodanganya watu. Ikisema 46, ni 46 ya kituo kizima kabla mtu yeyote hajagawiwa. Ukiwa namba 110, ya kwako inaweza kuwa miwili au hakuna. Endelea kulegeza ombi hadi idadi iwe mara kadhaa ya wale walio juu yako.

Mpangilio wa mistari ya ombi lako nao ni jambo zito. Mfumo hushuka mstari kwa mstari, na kila mstari uliotimizwa unakula siku. Ukitanguliza "nipe mizunguko yenye kulala Honolulu" na kuweka siku ya kuzaliwa ya mwanao mstari wa nne, mzunguko wa Honolulu utaketi juu ya siku hiyo kwanza. Siku zitangulie, mizunguko ifuate. Zaidi ya hapo, mifumo mingi ikishindwa kukamilisha ratiba hadi kima cha chini cha saa, hurudi nyuma na kuanza kufuta maombi kutoka chini kwenda juu. Kilicho chini ndicho cha kwanza kutupwa.

Usiweke tarehe tano kwenye mstari mmoja kama mfumo wako unazihesabu zote au hakuna. Tarehe moja ngumu, 25 Desemba kwa mfano, inaangusha nne rahisi. Zitenganishe, ile ya thamani zaidi juu.

Na ipo hesabu ambayo hakuna ujanja unaoishinda. Tuseme kituo kina watu 200, na 25 Desemba inahitaji 150 kazini. Nafasi za kukaa nyumbani ni 50. Walio likizoni tayari ni 10, zinabaki 40. Wakiwepo 40 juu yako walioomba siku hiyo, mstari wako hautatimizwa hata ukiuandika mara tatu. Hapo omba kinachowezekana: mzunguko unaoachiliwa asubuhi ya tarehe 25, kuripoti baada ya 18:00, au kulala mji wenye ndugu zako. Maombi hayo wengi hawayaandiki, ndiyo maana hupatikana.

Vivyo hivyo kwa akiba. Ikiwa laini kamili ni 160 na wewe ni namba 175, karibu hakika utakaa akiba, yaani bila laini, ukisubiri kuitwa kazini. Usitumie mistari yote 20 kuchagua hoteli. Andika kundi la maombi ya akiba kwa uangalifu ule ule: siku gani za mapumziko, zikae pamoja au zigawanyike, zamu ya kuitwa asubuhi au jioni. Wengi huacha kundi hili tupu, na namba 190 aliyeliandika anapata mpangilio anaoupenda kwa sababu namba 175 hakusema kitu.

Mgao ukitoka, fungua taarifa ya sababu kabla ya kulalamika. Kila mstari una jibu lake. "Umetolewa kwa aliye juu" maana yake ombi ni halali ila ni finyu, lilegeze. "Unagongana na ulichopewa" ni kosa la mpangilio. Ubadili mstari upi utangulie. "Unavunja mapumziko" ni kiporo au mizunguko miwili iliyokaribiana. "Siku haina nafasi" ni ile hesabu ya 40. Mstari usio na jibu lolote haukufikiwa kabisa: ratiba ilijaa kabla mfumo haujafika hapo, kwa hiyo uupandishe mwezi ujao kama unauthamini.

Kwa wahudumu wa Afrika Mashariki walioko mashirika ya Ghuba, yapo yanayozungusha kipaumbele kwa makundi badala ya kutazama ukongwe. Hapo namba ya kutumia kwenye hesabu hizi ni ya kundi lako kwa mwezi huo. Saa ya Doha ni sawa na ya Nairobi na Dar es Salaam. Dubai iko mbele kwa saa moja.

Dalili: mfumo unasema hukuomba

Kuhifadhi kwenye programu si kutuma kwa shirika. Programu nyingi za kutafuta huishia kwenye orodha tu, na orodha hiyo lazima ipelekwe kwenye mfumo wa shirika kisha uthibitisho urudi. Bila namba ya uthibitisho na muda wake, hujaomba. Piga picha ya skrini. Nywila yako ya shirika usiipe programu isiyoruhusiwa na mwajiri. Hamisha orodha kwa faili.

Dirisha hufungwa kwa saa ya kituo au ya makao makuu, si ya ulipo. Likifungwa 12:00 saa ya Chicago na wewe uko likizo Mombasa, kiangazi ni saa mbili usiku, majira ya baridi ni saa tatu usiku. Tuma ombi la kwanza siku dirisha linapofunguliwa, hata kama ni la haraka, kisha liboreshe. Lile la mwisho kupokelewa ndilo linalohesabika katika mifumo mingi.

Na ombi la kudumu, lile linalotumika usipotuma kitu, lifungue sasa hivi ulisome. Futa ndani yake tarehe zote zilizopita, bakisha maombi yasiyo na tarehe kama saa za kuripoti na urefu wa mizunguko, kisha ulihifadhi upya na kuandika namba yake ya uthibitisho.